Kutoka Mkuki wa Malangali hadi Uwanja wa Shule ya Kata: Historia ya Michezo katika Sekondari za Nyanda za Juu Kusini

Na Mwandishi Wetu, Mbeya

Jioni, wakati wafanyabiashara wa Mwanjelwa jijini Mbeya wanapofunga mizigo na bajaji zinapogombea abiria kando ya barabara kuu ya Tanzania–Zambia, wanafunzi wa sekondari za kata wanatoka darasani. Wengine wanashika njia ya nyumbani. Wengine wanabaki shuleni kucheza, kila mmoja kwa kadiri ya eneo lililopo: penye kiwanja kamili kunachezwa soka, na penye nafasi ndogo kati ya madarasa na uzio kunafungwa wavu au kusimikwa milingoti ya netiboli.

Kwa wazazi wengi, saa hiyo moja ya jioni bado ni jambo la mashaka. Wapo wanaoamini kuwa mtoto anayecheza anapoteza muda wa kusoma, na wapo wanaoona kiwanja cha shule kama ardhi isiyo na kazi inayosubiri kupangiwa matumizi mengine. Mji unapokua na nyumba kusogea hadi ukingoni mwa shule, mtazamo wa pili huwa na madhara makubwa zaidi, kwa sababu kiwanja kikishajengwa hakirudi.

Makala haya yanaeleza kwa nini michezo ni sehemu ya elimu ya sekondari nchini, mfumo wake unavyofanya kazi, na nafasi ya mwananchi katika kuulinda. Ili kuyaelewa hayo ni vyema kuanzia katika historia, kwa kuwa Nyanda za Juu Kusini zina shule mbili ambazo simulizi zake zinaonesha wazi kwamba kinachochezwa shuleni hutegemea shule hiyo imejengwa kwa ajili ya nani.

Malangali, 1928: mkuki na ngoma katika ratiba ya shule

Shule ya kwanza ni Malangali, iliyopo Mufindi mkoani Iringa. Ilifunguliwa na Serikali ya kikoloni ya Uingereza mwaka 1928, katika kipindi ambacho Waingereza walikuwa wakitafuta mwelekeo mpya wa elimu kwa Waafrika. Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1924, Tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki na kupendekeza elimu inayolingana na mazingira ya wenyeji. Mwaka 1925 Serikali ya Uingereza ikatoa waraka wa sera ya elimu kwa makoloni yake ya Afrika wenye mwelekeo huohuo.

Malangali ikawa mahali pa kuijaribu sera hiyo. Chini ya usimamizi wa ofisa elimu W. Bryant Mumford, wavulana kutoka jamii za Wahehe, Wabena, Wasangu na jirani zao walisoma masomo ya kawaida, lakini maisha ya shule yalipangwa kwa kufuata mila. Walivaa mavazi ya asili badala ya sare za Kizungu. Wazee wa jamii walialikwa kufundisha desturi na historia. Katika mazoezi ya mwili, nafasi kubwa ilipewa ngoma za asili na kurusha mkuki.

Mtu akiangalia juu juu anaweza kuona kuwa mpango huo uliheshimu utamaduni wa Mwafrika, na kwa sehemu ilikuwa hivyo. Hata hivyo, tatizo lake lilikuwa katika nani aliyechagua. Mkuki wa Malangali haukuchaguliwa na kijana aliyeurusha wala na mzazi aliyempeleka shule. Ulichaguliwa na mtawala aliyekuwa na picha yake ya Mwafrika anayepaswa kuwa, yaani mtu wa kabila lake, anayebaki katika eneo lake na chini ya chifu wake. Wazazi wengi wa wakati huo waliitafuta shule kwa sababu iliyo kinyume: walitaka watoto wao wapate elimu ileile iliyowapa Wazungu nguvu. Baada ya Mumford kuondoka, mwanzoni mwa miaka ya 1930, jaribio hilo halikuendelea kwa sura yake ya awali, na kwa miaka mingi sasa Malangali ni shule ya sekondari ya Serikali kama zilivyo nyingine.

Iringa, 1959: shule ya wachache yapata jina la Mkwawa

Shule ya pili ilijengwa miaka 31 baadaye, pembezoni mwa mji wa Iringa, kwa mtazamo ulio kinyume kabisa na ule wa Malangali. Iliitwa St Michael's and St George's, na ilifunguliwa mwaka 1959 kwa ajili ya watoto wa Kizungu waliokuwa Tanganyika. Ilikuwa shule ya bweni ya wavulana na wasichana, yenye maabara, mabweni na mazingira yaliyokusudiwa kumfanya mtoto wa mtawala asipungukiwe na chochote ambacho angekipata Uingereza.

Ikumbukwe kuwa wakati huo elimu ya Tanganyika iligawanywa kwa rangi. Kulikuwa na shule za Wazungu, shule za Waasia na shule za Waafrika, kila kundi na bajeti yake, walimu wake na viwanja vyake. Mgawanyo huo ulifutwa na Sheria ya Elimu ya mwaka 1961, iliyoanza kutumika Januari 1962, mwezi mmoja tu baada ya Uhuru. Tangu hapo hakuna mtoto ambaye angeweza kunyimwa nafasi katika shule kwa sababu ya rangi yake. Muda mfupi baadaye ada ikaondolewa katika sekondari za Serikali.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 shule ile ya Iringa ikawa sekondari ya umma na kupewa jina la Mkwawa. Kwa mwenyeji wa Iringa jina hilo halihitaji maelezo. Mtwa Mkwawa ndiye aliyeongoza Wahehe kulishinda jeshi la Wajerumani huko Lugalo tarehe 17 Agosti, 1891, na ndiye aliyeendelea kupigana baada ya ngome yake ya Kalenga kuanguka mwaka 1894, hadi alipojiua mwaka 1898 ili asikamatwe akiwa hai. Fuvu lake lilirejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 na limehifadhiwa Kalenga. Miaka isiyozidi kumi baada ya fuvu kurejea, jina lake likawekwa juu ya shule iliyojengwa kwa ajili ya watoto wa watawala.

Mabadiliko ya jina yaliambatana na mabadiliko ya wanafunzi. Miongoni mwa vijana waliochaguliwa kujiunga na kidato cha tano Mkwawa katika miaka hiyo alikuwemo Erasto Mpemba, aliyekuwa amesoma Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Akiwa kidato cha tatu Magamba, mwaka 1963, Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa. Kwa kuhofia kukosa nafasi ndani ya friza, aliyaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto, na baadaye akakuta yameganda kabla ya mchanganyiko wa mwenzake ambao haukuwa umechemshwa. Alipouliza sababu, aliambiwa kuwa amechanganyikiwa.

Akiwa Mkwawa aliuliza tena, na wenzake wakamcheka. Hakukata tamaa. Alipopata nafasi katika maabara ya shule alilijaribu jambo hilo mwenyewe kwa maji ya bomba na maji ya moto. Mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dkt. Denis Osborne, alipofika shuleni hapo kutoa mhadhara, Mpemba alisimama mbele ya shule nzima na kuuliza swali lake. Osborne hakumdharau. Aliahidi kulijaribu, akalijaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala ya pamoja katika jarida la kimataifa la ufundishaji wa fizikia. Tangu wakati huo wanasayansi wa dunia wanaliita jambo hilo Athari ya Mpemba, na hadi leo bado wanabishana kuhusu sababu zake, na wengine kuhusu kama hutokea kweli.

Kisa hiki kinahusiana na michezo kwa namna moja ya msingi. Mpemba aliweza kulithibitisha swali lake kwa sababu shule ilikuwa na mahali pa kujaribu. Kipaji cha fizikia huhitaji maabara, na kipaji cha mbio huhitaji njia ya kukimbilia. Pasipo mahali pa kujaribu, mwanafunzi mwenye kipawa hufanana na asiye nacho, na si yeye wala mwalimu wake anayejua tofauti.

Mkwawa baadaye iligeuzwa kuwa chuo cha ualimu, na mwaka 2005 ikawa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Eneo lililotengwa kwa ajili ya watoto wachache wa kikoloni sasa linaandaa walimu wa sekondari wa nchi nzima.

Michezo baada ya Uhuru

Taifa jipya liliitazama michezo kama chombo cha umoja. Mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha na wa falsafa ya Elimu ya Kujitegemea, Bunge lilitunga Sheria Na. 12 iliyoanzisha Baraza la Michezo la Taifa (BMT). Matunda ya kimataifa hayakuchelewa. Tarehe 2 Februari, 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16 na kuweka rekodi ya dunia. Mwaka 1980, katika Olimpiki ya Moscow, Bayi na Suleiman Nyambui waliiletea Tanzania medali mbili za fedha, Bayi katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji na Nyambui katika mita 5,000.

Mashindano ya shule yalipangwa katika ngazi mbili zinazofahamika kwa wananchi wengi: UMITASHUMTA, yaani Umoja wa Michezo na Taaluma kwa Shule za Msingi Tanzania, na UMISSETA kwa shule za sekondari. Ni vyema kuzingatia neno "taaluma" ndani ya jina la UMITASHUMTA. Waasisi wake hawakuweka michezo upande mmoja na masomo upande mwingine.

Hata hivyo, safari haikuwa nyoofu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya shule yalisitishwa, hoja iliyotawala ikiwa ni muda wa masomo. Yalirejeshwa katika nusu ya pili ya muongo huo. Kijana aliyeingia sekondari katika kipindi hicho cha katikati alimaliza shule bila kuvaa jezi ya wilaya yake. Kwa mwanariadha, umri wa miaka 14 hadi 18 haurudiwi, na kwa sababu hiyo kusitisha mashindano kwa miaka michache huathiri timu za taifa kwa miaka mingi inayofuata.

Mfumo wa UMISSETA unavyofanya kazi

Mashindano huanza ndani ya shule yenyewe. Wanafunzi bora wa kila shule hukutana katika ngazi ya kata au tarafa, kisha timu huundwa kwa ajili ya halmashauri, baadaye mkoa, na hatimaye mikoa hukutana katika fainali za kitaifa. Fainali hizo hupokezana mikoa. Mwaka 2021 zilifanyika Mtwara na mwaka 2022 Tabora. Wanaofanya vizuri zaidi wanaweza kuiwakilisha nchi katika mashindano ya sekondari za Afrika Mashariki, yanayozikutanisha nchi za ukanda huu kila mwaka.

Maana ya mpangilio huu ni kwamba mwanafunzi wa shule ya kata iliyo jirani na Mwanjelwa yuko katika ngazi ileile ya kuanzia na mwanafunzi wa shule kongwe ya bweni. Hakuna njia ya mkato wala mlango wa pembeni. Lakini pia maana yake ni kwamba shule isiyofanya mashindano ya ndani imemfungia mwanafunzi wake katika hatua ya kwanza, kwa kuwa ngazi ya kata huchagua kutoka kwa wale walioonekana shuleni.

Michezo inayoshindaniwa ni pamoja na soka, netiboli, mpira wa wavu, mpira wa kikapu, mpira wa mikono na riadha, ikiwemo riadha kwa wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Zipo pia fani za ndani kama kwaya na ngoma. Msomaji aliyefuatilia simulizi ya Malangali atatambua kuwa ngoma bado ipo, na mkuki bado unarushwa katika riadha. Tofauti ni kwamba leo mkuki huo ni chaguo moja kati ya mengi, hurushwa na msichana kama mvulana, na anayeurusha huiwakilisha shule au mkoa wenye vijana wa makabila yote. Kilichokuwa alama ya kumfunga kijana katika kabila lake sasa kinampa tiketi ya kukutana na wenzake wa nchi nzima.

Kwa upande wa masomo, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, pamoja na mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024, imeigawa sekondari katika mkondo wa elimu ya jumla na mkondo wa amali, na michezo ni miongoni mwa fani zilizopewa nafasi katika mkondo wa amali. Aidha, kuondolewa kwa ada hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na kisha kidato cha tano na cha sita kuanzia mwaka wa fedha 2022/2023, kumeongeza idadi ya vijana wanaobaki shuleni katika umri ambao vipaji hukomaa. Kwa walimu na makocha, Serikali inacho Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kilichopo Kwimba mkoani Mwanza.

Je, milima pekee inatosha?

Mara nyingi husemwa kuwa watu wa nyanda za juu wamezaliwa wakimbiaji. Kuna ukweli wa kisayansi katika kauli hiyo, lakini ni nusu tu ya ukweli. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambapo mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Kila pumzi huingiza oksijeni kidogo zaidi, na mwili uliozoea hali hiyo hujenga uwezo mkubwa zaidi wa kuisafirisha oksijeni katika damu. Uwezo huo humsaidia mkimbiaji wa masafa ya kati na marefu.

Kama mwinuko ungetosha, kila mji wa mlimani ungekuwa na bingwa wa dunia. Mfano wa jirani zetu unafundisha. Iten, mji mdogo nchini Kenya ulio takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, una Shule ya Sekondari ya St Patrick's. Mwaka 1976 alifika hapo Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland, mwalimu wa jiografia asiyekuwa na mafunzo yoyote ya ukocha wa riadha. Alianza kwa kuwatazama wanafunzi, kuwapangia mazoezi na kuwapeleka mashindanoni. Kutoka shule hiyo alitoka Ibrahim Hussein, Mwafrika wa kwanza kushinda mbio za marathoni za New York, mwaka 1987, na Peter Rono, aliyetwaa medali ya dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988.

Milima ya Iten ilikuwepo karne nyingi kabla ya 1976. Kilichoongezeka mwaka huo ni mwalimu mwenye ratiba. Hayo ni mambo ambayo shule ya kata inaweza kuwa nayo bila kusubiri uwanja wa kisasa: mwalimu mmoja anayependa michezo, siku zinazojulikana za mazoezi, daftari la kumbukumbu za muda na umbali, na mashindano ya mara kwa mara.

Tanzania nayo imeonesha kuwa inawezekana. Alphonce Simbu alipata medali ya shaba ya marathoni katika Mashindano ya Dunia ya London mwaka 2017, na Septemba 2025 jijini Tokyo akawa bingwa wa dunia wa marathoni, medali ya kwanza ya dhahabu ya Tanzania katika mashindano hayo. Kwa upande wa wasichana, Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana wenye umri chini ya miaka 17 lililofanyika India mwaka 2022. Huo ni umri wa mwanafunzi wa sekondari.

Eneo dogo si sababu ya kutocheza

Changamoto kubwa ya shule za pembezoni mwa miji ni ardhi. Sekondari nyingi za kata zilijengwa kwa kasi kuanzia katikati ya miaka ya 2000 chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES), ili kila kata iwe na shule na kila mtoto aliyefaulu apate nafasi. Lengo hilo lilikuwa la haki na limebadilisha maisha ya maelfu ya familia. Lakini mahali ambapo mji ulikuwa tayari umejaa, baadhi ya shule zilipata eneo la madarasa na kubaki na nafasi finyu ya michezo.

Katika hali hiyo ni muhimu kujua vipimo. Kiwanja kamili cha soka chenye urefu wa mita 105 na upana wa mita 68 hutumia mita za mraba 7,140 kwa wachezaji 22. Kiwanja cha mpira wa mikono ni mita 40 kwa 20, sawa na mita za mraba 800. Netiboli huhitaji mita 30.5 kwa 15.25, yaani takriban mita za mraba 465 kwa wachezaji 14. Kikapu ni mita 28 kwa 15, sawa na mita za mraba 420. Wavu ni mita 18 kwa 9, yaani mita za mraba 162 kwa wachezaji 12. Hata ukiongeza nafasi ya wazi ya mita tatu kila upande, jumla ni mita za mraba 360 tu.

Kwa hesabu hiyo, eneo la kiwanja kimoja cha soka linaweza kubeba viwanja vya netiboli, kikapu na wavu kwa pamoja na bado likabaki na nafasi ya kuruka chini na kurusha tufe. Shule yenye eneo dogo inaweza kushiriki UMISSETA kikamilifu katika michezo mitatu au minne ikiwa itachagua michezo inayolingana na ardhi yake. Inaweza pia kukubaliana na shule jirani ili kiwanja kimoja kikubwa kitumike kwa zamu. Michezo ya kurusha, hususan mkuki, isifanyike katika eneo finyu wala pasipo uangalizi wa mwalimu, kwa usalama wa wanafunzi na wapita njia.

Wajibu wa wazazi na wananchi

Shule ya umma ni mali ya wananchi, na uwanja wake ni sehemu ya mali hiyo. Yapo mambo manne ambayo mwananchi anaweza kuyafanya bila kusubiri tangazo.

Kwanza, kuuliza kuhusu mipaka. Kila eneo la shule linapaswa kuwa limepimwa na mipaka yake kufahamika. Katika kikao cha wazazi ni halali kumuuliza mkuu wa shule au bodi ya shule kama eneo limepimwa na kama lina hati. Shule isiyo na mipaka inayofahamika ndiyo huvamiwa kwanza, na mara nyingi uvamizi huanza kwa njia ya miguu, ukafuata uzio, kisha nyumba.

Pili, kufuatilia mabadiliko ya matumizi ya ardhi. Mjini, eneo lililotengwa kwa huduma za jamii haligeuzwi kuwa la biashara au makazi kwa makubaliano ya watu wachache. Upo utaratibu chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, unaoihusisha halmashauri kama mamlaka ya upangaji na unaotoa nafasi kwa wananchi kutoa maoni. Mwenye wasiwasi aanzie kwa mtendaji wa mtaa au kata, kisha ofisi ya ardhi ya halmashauri.

Tatu, kuuliza ratiba. Mzazi anayeuliza matokeo ya mtihani aulize pia siku za michezo, jina la mwalimu wa michezo, na iwapo shule imefanya mashindano ya ndani mwaka huu. Swali hilo likiulizwa na wazazi wengi, shule huona kuwa jamii inalitilia maanani.

Nne, kumruhusu mtoto, hususan wa kike. Wasichana wengi huacha michezo si kwa kukosa uwezo bali kwa sababu kazi za nyumbani huwasubiri saa zilezile ambazo kaka zao wako uwanjani. Kugawana kazi hizo ndani ya familia ni mchango wa moja kwa moja katika timu ya mkoa.

Mwaka 1928 mtoto wa Nyanda za Juu Kusini alipangiwa mchezo na mtu mwingine. Mwaka 1959, katika mkoa uleule, vilijengwa vifaa bora ambavyo mtoto huyo hakuruhusiwa kuvigusa. Leo sheria inamruhusu kuingia shule yoyote ya umma, ada imeondolewa, na mtaala unatambua kipaji chake. Kinachobaki ni ardhi ya kuchezea na mtu mzima wa kumtazama anapocheza, na hivyo viwili viko mikononi mwa jamii inayoizunguka shule.